Nusu Kijiko cha Chumvi: Namna ya Kuhamishia Kurasa za Tovuti Katika Kitabu cha Maelezo

Katika maisha ya kambini kila mtu anafahamu maana ya makabidhiano ya ghala. Mtunza ghala anayeondoka na yule anayeingia husimama pamoja, daftari likiwa wazi mbele yao, nao huhesabu blanketi, sufuria, majembe na taa, kimoja baada ya kimoja, hata jua likachwa. Hapana atakayetia sahihi kwa kuambiwa tu kwamba vitu vyote vimo. Ajabu ni kwamba watu hao hao, wanapohamisha maandishi ndani ya kompyuta, hubonyeza kitufe kimoja, husubiri kidogo, kisha huinuka kwenda kunywa chai wakiamini kwamba kazi imekwisha.

Makala hii inahusu kazi hiyo, yaani kuzichukua kurasa za tovuti zilizokwisha kuandikwa na kuziingiza katika mradi mmoja wa kitabu cha maelezo. Nimeona heri niieleze kwa kisa nilichokishuhudia mwenyewe katika zahanati moja ya familia za askari, ambako kosa dogo kuliko punje ya mtama lilikaribia kuingia katika kikombe cha mtoto mgonjwa.

Zahanati hiyo ilikuwa na kurasa nyingi za mafundisho kwa akina mama: matumizi ya chandarua, kunyonyesha, maji safi ya kunywa, na hasa namna ya kumtunza mtoto anayeharisha. Kurasa hizo hazikuandikwa na mtu mmoja wala katika mwaka mmoja. Nyingine ziliandikwa na wauguzi waliokwisha kuhamishwa, nyingine na wanafunzi wa chuo waliokuja kwa mazoezi, na kila mmoja alitumia kompyuta aliyoikuta. Baadhi zilirudia jambo lile lile kwa maneno tofauti. Ndipo ilipokusudiwa kwamba zote zikusanywe katika kitabu kimoja, kitakachopigwa chapa kwa ajili ya nyumba za familia, na wakati huo huo kiweze kusomwa katika simu.

Yafaa ieleweke kwamba mradi wa namna hii si faili moja refu. Ni folda yenye vipande vingi, kila kipande kikieleza jambo moja tu, pamoja na orodha inayosema ni kipi kitangulie na kipi kifuate. Kutokana na vipande hivyo hivyo kompyuta hutoa kitabu cha kupigwa chapa, kurasa za simu, au karatasi moja ya kubandika ukutani. Faida yake ni kubwa: muuguzi akirekebisha kipimo cha dawa mahali pamoja, kinarekebishika kila mahali. Hasara yake ndiyo hiyo hiyo, kwamba kosa likipita mahali pamoja, nalo limepita kila mahali.

Kwa hakika hata tovuti zenyewe zilizaliwa kutokana na taabu ya maandishi yaliyotawanyika. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Geneva, Uswisi, aliwaandikia wakubwa wake akieleza jinsi habari za kazi zilivyokuwa zikipotea, kwa kuwa watumishi walikuja na kuondoka, na kila kompyuta ilikuwa na desturi zake. Kutokana na wazo lake ikapatikana lugha ya kuandikia kurasa iitwayo HTML, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatoa kazi hiyo bure kwa watu wote. Msomaji aliyewahi kupokea ofisi kutoka kwa mwenzake aliyehamishwa ghafula ataona kwamba bwana huyu alikuwa akilia kilio chetu sote.

Zana za kuhamishia zipo nyingi. Kuna programu za kuuzwa, kama vile RoboHelp na MadCap Flare, ambazo zina mlango maalumu wa kupokelea kurasa za HTML. Iko pia Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, nayo hutolewa bure. Hiyo huisoma HTML na kuigeuza iwe katika namna nyingi nyinginezo. Sitawashauri wasomaji wachague ipi. Nilivyoona mimi, programu mbaya mkononi mwa mtu anayekagua hushinda programu nzuri mkononi mwa mtu anayeamini.

Turudi zahanatini. Kijana aliyepewa kazi hiyo alikuwa mtoto wa sajini mmoja wa hapo kambini, mwanafunzi wa chuo, mwepesi wa mikono na mwenye adabu. Alizikusanya kurasa zote katika folda moja, akaifungua programu, akaiamuru izipokee, na kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa ndani. Alipozitazama, aliona hapa na pale kidude cheusi chenye pembe nne na alama ya kuuliza katikati. Akadhani ni uchafu wa kompyuta. Akaiamuru programu iufute uchafu huo katika faili zote kwa mara moja, na kurasa zikapendeza kama ua uliofagiwa.

Siku ya pili Sista wa zahanati, mama wa makamo aliyekwisha kuwahudumia watoto wa kambi tatu au nne, aliketi naye ili wasome. Walifika kwenye ukurasa wa vidonge vya zinki, ambavyo tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na Unicef yanashauri apewe mtoto anayeharisha pamoja na maji ya ORS. Sista akasoma kwa sauti kwamba mtoto apewe kidonge kimoja kila siku, kwa siku 1014.

Wote tuliokuwamo tulicheka. Kijana naye akacheka kwa haya, akasema, "Samahani, Mama, ni siku 10 hadi 14. Mstari wa katikati umeanguka."

Sista hakuendelea kucheka. Aliivua miwani yake, akauliza, "Kama umeanguka hapa, mwanangu, nani ajuaye umeanguka wapi kwingine?"

Wakaanza kutafuta. Katika ukurasa wa maji ya chumvi na sukari, yale yanayotengenezwa nyumbani pale ambapo vipakiti vya ORS havipatikani, kipimo kilikuwa kimeandikwa hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na kijiko cha chumvi. Sentensi ilikuwa safi, Kiswahili chake hakina kasoro, na mama yeyote angeifuata bila shaka moyoni. Lakini maandishi ya awali yalisema kijiko ½ cha chumvi. Alama ya nusu ndiyo iliyokuwa uchafu uliofagiwa.

Huenda msomaji akaona kwamba nusu kijiko si kitu. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 6 za chumvi. Kipakiti cha ORS cha lita moja, kwa kipimo kinachotumika tangu mwaka 2002, kina gramu 2.6 tu za chumvi ya kawaida pamoja na gramu 13.5 za glukosi. Kwa hiyo ukurasa ule uliosafishwa ungempa mtoto zaidi ya mara mbili ya chumvi inayotakiwa. Mtoto mchanga aliyekwisha kupoteza maji mwilini, akinyweshwa chumvi nyingi hivyo, chumvi hupanda katika damu yake, naye huweza kupatwa na degedege na hata kufa. Siku 1014 zilikuwa kosa la kuchekesha, nalo lilijitangaza lenyewe. Hili la pili lilikuwa limevaa sare na kusimama katika mstari kama askari wengine.

Sasa tueleze kosa hili latoka wapi, kwa sababu mtu akilifahamu hatalisahau. Kompyuta haijui herufi, inajua hesabu. Kila herufi hupewa nambari yake kwa mapatano, na mapatano hayo yako ya namna nyingi. Katika mapatano ya zamani yaitwayo Windows-1252, alama ya ½ ni nambari 189, na kile kistari cha kati ya 10 na 14 ni nambari 150. Katika mapatano ya UTF-8, yaliyobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, ambayo leo ndiyo yanayotumika karibu kila mahali, ½ huandikwa kwa nambari mbili zikifuatana, 194 na 189. Nambari 189 ikisimama peke yake katika UTF-8 haina maana yoyote. Kurasa za zahanati zilikuwa za mapatano ya zamani, tena hazikuandikwa juu yake ni za mapatano gani, na programu ikazisoma zote kana kwamba ni za mapatano mapya. Ilipoikuta 189 isiyo na mwenzake, ikaweka kile kidude cheusi, maana yake: hapa palikuwa na kitu, nami sikukifahamu. Haukuwa uchafu hata kidogo. Ilikuwa ni taarifa ya mlinzi aliye zamu.

Kinyume chake hutokea pia. Ukurasa wa UTF-8 ukisomwa kwa mapatano ya zamani, ½ hugeuka kuwa Â½, na neno ng’ombe lililoandikwa kwa ile alama iliyopinda hutokea kuwa ngâ€™ombe. Kwa wenzetu wanaoandika Kiluganda, herufi ŋ hugeuka kuwa Å‹. Maandishi ya namna hii huchukiza macho, lakini hayajapotea. Yakisomwa upya kwa mapatano yaliyo sawa hurudi kama yalivyokuwa. Bali palipokwisha kuwekwa na kuhifadhiwa kidude cheusi, herufi ya awali imetoweka, na hapana fundi awezaye kuirudisha ila kwa kulifungua faili la kwanza.

Sisi waandishi wa Kiswahili tuna hatari yetu ya pekee. Herufi zetu zote, kuanzia a hadi z, zina nambari zile zile katika mapatano hayo mawili, kwani zote mbili zilirithi herufi hizo kutoka katika orodha ya Kimarekani ya ASCII ya miaka ya 1960. Mfaransa anayehamisha kurasa zake huona kosa katika mstari wa kwanza, maana lugha yake imejaa alama juu ya herufi. Sisi twaweza kusoma kurasa kumi nzima zikiwa salama, kumbe kosa limejificha katika nusu, katika alama ya digrii ya joto, katika kistari cha kati ya tarakimu mbili. Na hapo ndipo vilipo vipimo vya dawa.

Bahati njema, kijana yule hakuwa amefuta faili za awali. Mama yake, alivyotueleza, alimzoesha tangu utotoni asitupe ganda kabla hajaona kiini. Aliyafuta yote yaliyokuwamo katika mradi, akaanza upya, na safari hii akaiambia programu waziwazi kwamba kurasa hizi ni za Windows-1252. Nusu ikarudi mahali pake, na kistari vilevile. Kisha, kabla ya kugusa neno lolote, akaamuru kompyuta itafute kile kidude cheusi katika faili zote ili aone kama kimebaki hata kimoja.

Jedwali la zinki lilileta taabu nyingine. Lilikuwa na safu tatu: umri, kipimo, na muda. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 20, na mwenye miezi 6 au zaidi hupewa kidonge kizima. Muda ni mmoja kwa wote wawili, siku 10 hadi 14, na kwa sababu hiyo aliyelitengeneza jedwali aliunganisha visanduku viwili vya mwisho kuwa kimoja kirefu. Baada ya kuhamishwa, kisanduku kile kilikatika: muda ukabaki katika mstari wa juu, na mstari wa chini ukawa mtupu. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja angeona pengo, akadhani kwamba zinki hutolewa siku ile moja tu kisha basi. Sista aliagiza muda uandikwe mara mbili, kila mstari na wake. Nami naungana naye. Visanduku vilivyounganishwa hupendeza, lakini havisafiri vizuri.

Mengineyo nitayapitia kwa haraka. Kila ukurasa wa tovuti hubeba mavazi yake: kichwa chenye nembo, orodha ya kurasa nyingine pembeni, na anwani chini. Ukiingiza kurasa 60 bila kuyavua mavazi hayo, utapata kitabu chenye nembo 60. Kurasa zilizotengenezwa kwa kuandikwa katika Word na kuhifadhiwa kama HTML huja na takataka nyingi zaidi ndani yake, nazo ni heri zisafishwe kwanza kwa chombo kama HTML Tidy, kilichoanzishwa na Dave Raggett, ambacho pia hufunga alama zilizoachwa wazi. Vichwa vya habari vyataka uangalifu: waandishi wengi hawakutumia alama ya kichwa iliyowekwa na lugha ya HTML, bali walikoleza wino tu na kukuza herufi. Jicho huona kichwa, kompyuta haikioni, na matokeo yake yaliyomo ya kitabu hutoka matupu. Maneno kama “bofya hapa” nayo hayana kazi katika karatasi. Badala yake iandikwe jina la sura inayotajwa.

Majina ya faili ni mtego ambao wengi wameuingia. Katika folda tatu tofauti huenda kukawa na faili tatu zote ziitwazo index.html. Zikihamishiwa katika folda moja, ya tatu huweza kuifunika ya pili, na ya pili kuifunika ya kwanza, bila kelele. Tena kompyuta za Windows kwa kawaida hazitofautishi Maji.jpg na maji.jpg, lakini seva nyingi zenye Linux hutofautisha. Kwa hiyo picha inayoonekana vizuri ofisini huweza kutoweka siku kazi inapopelekwa kwenye tovuti. Dawa yake ni kuhesabu. Faili ngapi zilikuwapo, ngapi zimeingia, picha ngapi, majedwali mangapi. Hapo ndipo mtunza ghala angefaa kuajiriwa.

Liko jambo moja ambalo askari na polisi hawana budi kulizingatia kuliko raia wengine. Ukurasa wa HTML waweza kuwa na maneno yasiyoonekana na msomaji, ambayo mwandishi alijiwekea kama kumbukumbu: jina la mtu, nambari ya simu, au agizo la mkubwa. Maneno hayo huweza kuhamishwa pamoja na ukurasa. Vivyo hivyo picha iliyopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake saa iliyopigwa na mahali hasa ilipopigwa, kwa vipimo vya ramani. Picha ya akina mama wakipima uzito wa watoto ni jambo jema, lakini mahali pa kambi si habari ya kitabu cha uji na chandarua. Zahanati ile iliondoa habari hizo katika kila picha kabla ya kuiingiza.

Ugomvi pekee niliouona katika kazi hiyo ulihusu swali la baada ya kuhamisha. Programu nyingine hukuuliza kama ungependa faili zilizomo katika mradi ziendelee kufungamana na zile za awali, ili za awali zikibadilishwa, hizi nazo zibadilike. Kijana alitaka iwe hivyo, akiona ni wepesi wa kazi. Sista alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba masahihisho yote ya vipimo yamekwisha kufanywa ndani ya mradi. Mtu mwingine akigusa ukurasa wa zamani, naye asijue yaliyopita, masahihisho yatafunikwa na nusu itapotea tena. Kijana akajibu kwamba bila kufungamana patakuwa na nakala mbili zenye kusema mambo mawili. Wote wawili walikuwa na haki. Shauri lililokatwa ni kwamba mradi ndio asili tangu siku ile, kurasa za zamani zifungiwe katika folda isiyoandikika, na anwani zake za zamani zielekezwe kwenye kurasa mpya, ili mama aliyekwisha kuihifadhi anwani katika simu yake asigonge mlango usiofunguliwa.

Kulikuwa pia na kurasa mbili za ORS zilizopingana, na hapa kompyuta haikuwa na kosa. Moja ilieleza kipakiti cha zamani chenye gramu 3.5 za chumvi na gramu 20 za glukosi, na nyingine kipakiti cha baada ya mwaka 2002, chenye nguvu ndogo zaidi. Programu ilizipokea zote kwa heshima sawa. Ilimlazimu Sista aamue, na ule wa zamani hakuufuta bali aliuweka kando pamoja na tarehe yake, asije mtu akaukuta baadaye akadhani umesahauliwa, akaurudisha kwa nia njema.

Mwisho kabla ya kupiga chapa walisoma kitabu chote kwa namna ambayo waendesha redio wa jeshi wanaifahamu: mmoja anasoma kutoka katika ukurasa wa awali, mwingine anarudia kutoka katika ukurasa mpya, tarakimu kwa tarakimu. Iliwachukua alasiri tatu. Walipofika kwenye maji ya chumvi na sukari, Sista alisema hataki tena kuiona ile alama ndogo, hata kama imerudi salama. Akaamuru kwamba katika kitabu kizima nusu iandikwe kwa herufi, na 10–14 iandikwe “10 hadi 14”. Kijana alilalamika kidogo kwamba mstari utakuwa mrefu na hautaingia vizuri katika simu ndogo.

“Na uwe mrefu,” alijibu.

Karatasi ya kwanza ilipotoka katika mashine, aliichukua ingali na joto, akaisoma akiwa amesimama mlangoni penye mwanga, kisha akaenda kuibandika juu ya mtungi wa maji ya kunywa, mahali palipokuwa na ile ya zamani.